Rafu ya Wajane

Mimi ndiye niliyeanzisha rafu ya wajane katika maduka ya kukodisha kanda za video hapa Tokyo. Wengine watakwambia ilianza yenyewe. Waongo hao.

Kazi yangu ilikuwa kutunga majina ya filamu za watu wazima, katika kampuni ndogo ya ghorofani katika mtaa wa Takadanobaba. Zamani jina la kanda lilikuwa jina la msichana, basi. Kisha wenye maduka wakalalamika: mteja ana haya, hasimami kusoma, anaona ubavu wa kasha tu na kuondoka nalo. Ikabidi ubavu useme kila kitu: umri, mji, mume yuko wapi. Majina yakarefuka mpaka herufi zikawa ndogo kama maelezo ya dawa ya mafua. Na wanawake waliopita thelathini hawakutajwa majina kabisa. Waliuzwa kwa hali zao.

Natsue Iwakiri alikuja kwetu kuigiza akiwa na miaka thelathini na saba. Kanda zetu zilianza kwa mazungumzo kwenye sofa, na muulizaji nilikuwa mimi. Nikamuuliza mumewe atasemaje akimwona, nikitarajia mzaha wa kawaida.

"Amefariki," akasema. "Ni miezi miwili sasa." Akaziba kamera kwa kiganja. "Hilo mlikate, Bwana Kuramochi. Mengine fanyeni mtakavyo. Hilo siliuzi."

"Nitalikata, dada. Nakuahidi."

Nililikata kweli. Lakini bosi wetu, Hirukawa, alikuwa mlangoni akisikiliza.

"Mjane wa kweli!" akasema baadaye, akisugua mikono. "Kuramochi, umelala? Andika hilo kwenye kasha!"

"Nimemwahidi, bosi."

"Ahadi kapeane na mama yako. Hapa andika."

Nikaandika. Ningependa kusingizia njaa, lakini nilikuwa nimeshiba. Niliandika kwa sababu jina lilinijia zuri: "Mjane wa Kweli wa Urawa, Miaka 37, Miezi Miwili ya Upweke". Nilijiona fundi. Hiyo ndiyo aibu yangu, na mpaka leo haijapungua.

Kanda ilikodiwa mpaka ikachakaa. Kampuni nyingine zikaiga, na kabla ya mwaka kuisha maduka yakabandika kibao: Wajane. Sheria za kanda hizo zikajitunga zenyewe. Kimono nyeusi, nywele zimefungwa juu, picha ya marehemu, ubani, na chozi moja tu, kwenye shavu la upande wa kamera.

Ndipo Natsue akarudi ofisini, amevaa gauni jeusi la dukani.

"Shemeji yangu aliliona kasha," akaniambia. "Alinitambua. Wakwe wamenikataza kukanyaga kaburini kwa mume wangu. Nikipeleka maua, wanayatupa."

"Dada Natsue, mimi..."

"Usiniombe radhi, nitakupiga kofi. Kazi niliyokuwa nayo imekwisha, ukweni nimefukuzwa. Mmeshauuza ujane wangu, basi nipeni kazi hiyo. Hili ndilo gauni nililomzikia mume wangu."

Hirukawa akatoka chumbani kwake, akamtazama juu mpaka chini, akanivuta pembeni.

"Huyu naye ni mjane? Gauni gani hilo? Na mbona mkavu hivyo, hata machozi hana? Mteja atasema tumemtapeli. Mwambie hafanani."

Nilirudi kwa Natsue. Nilitaka kusema uongo, nikashindwa. Uongo wote nilikuwa nimeumalizia kwenye makasha.

"Wanasema hufanani na mjane," nikamwambia.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alilitazama gauni lake, akalinyoosha kwa viganja, kisha akainua uso.

"Anafananaje?" akauliza. "Nifundishe."

Nikamletea kimono. Nikamfunga nywele juu, nikampigisha magoti mbele ya picha ya mwanamume nisiyemjua, nikamwonyesha chozi lipite shavu gani.