Kilele cha "Farasi wa Barafu"

Tangu asubuhi Ismo alikuwa akihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Alikwenda dirishani, akarudi, akamimina kahawa asiyoinywa, akajaribu sauti bafuni mpaka mkewe Tarja akamwambia majirani nao ni watu. Jioni bendi yake ya muziki wa metali, ule wa magitaa ya kelele, ilikuwa na onyesho kwao, mjini Lieksa, na watu wangeudai wimbo wake "Farasi wa Barafu". Aliutunga akiwa na miaka ishirini na majivuno yake yote, akaupachika kilele cha sauti ya juu sana ambacho hata yeye alikifikia kwa kudra. Sasa alikuwa na hamsini kasoro, na ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Ajabu ni kwamba miaka hii ya karibuni kilele kilimjia kwa ulaini. Magazeti yaliandika kuwa sauti ya Ismo haizeeki, naye aliyasoma, tena kwa sauti. Hadi juzi, kwenye baa ya karaoke, ambako wateja huimba wakipigiwa muziki na mashine, walipomshikisha maikrofoni auimbe wimbo wake mwenyewe. Mashine iliupiga juu vile vile kama ulivyorekodiwa zamani. Alipofika kileleni sauti ikakatika, akabaki anakohoa, na bibi mmoja akampigia makofi ya huruma. Makofi yale hayakumtoka kichwani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mchana wa siku ya onyesho Ismo alikuwa amekaa uchi ndani ya sauna, chumba cha mvuke, pamoja na mwenyewe Vesa, mpiga gitaa wake tangu shuleni, kama walivyofanya kabla ya kila onyesho. Ismo akamuuliza bila kuzunguka kama wamekuwa wakiushusha wimbo sauti bila yeye kujua. Vesa aliyamwagia maji mawe ya moto, akasubiri mvuke utulie, kisha akakiri. Tangu Ismo augue mapafu, alikuwa akilegeza nyuzi za gitaa kidogo kidogo ili wimbo ushuke, onyesho baada ya onyesho, kama mtu anayemlaza mtoto asije akamwamsha. Bendi nzima ilijua. Tarja pia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha, bwana. Nani angeanza?"

"Leo uurudishe juu."

"Utaumbuka, mzee."

"Koo langu, Vesa. Urudishe."

Ismo aliumia hasa. Kila shangwe aliyowahi kuringia sasa aliiona sadaka.

Jioni uwanja ulijaa, jua la kiangazi cha kaskazini ya mbali likigoma kutua. Vesa alitimiza neno lake. Noti za kwanza tu, Ismo akajua kweli wimbo uko juu. Angeweza kuwageuzia watu maikrofoni waimbe wao, ujanja wa waimbaji wote waliochoka. Hakufanya hivyo. Alifika kileleni, akafungua kinywa, sauti ikapasuka vipande viwili, kisha ikapotea kabisa. Tarja, mstari wa mbele, aliinamisha kichwa.

Ismo aliinua mkono, bendi ikaacha. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi miguu yake haikutaka kwenda popote.

"Pale nilifika zamani," aliwaambia watu. "Leo sifiki."

Akamgeukia Vesa.

"Haya, ushushe. Ila safari hii uushushe nikisikia."

Vesa alilegeza uzi mmoja baada ya mwingine mbele ya watu wote, akiujaribu kila mmoja, naye Ismo akimwitikia kwa kichwa: bado, bado, hapo. Kisha Vesa, ambaye hakuwahi kukosea mwanzo wa wimbo ule tangu utungwe, akaukosea, akajifuta macho kwa kiwiko, ikabidi waanze upya.