Kilima Juu ya Chemchemi

Kila mtoto wa Sohra, huku kwetu milimani India, hukaririshwa shuleni kwamba hakuna panaponyesha kama kwetu. Watalii hupanda kutoka tambarare, wakalowa, wakapiga picha, wakateremka wakifurahi. Waingereza nao waliweka ofisi zao hapa zamani, mvua ikawachosha, wakahamia mji wa Shillong. Wote hao wanaijua Julai ya mvua. Hakuna anayekuja Januari ya ukame kuwaona wanawake wakigombana kwenye foleni ya lori la maji huku dereva akiwatukana.

Misitu ilikatwa tangu enzi za mababu ikawa mkaa wa kuyeyushia chuma, udongo ukasombwa, ukabaki mwamba. Mvua ikipiga hapo haikai, inatupita mbio kwenda Bangladesh. Mimi sipangi foleni kwa sababu moja tu: nyuma ya nyumba yetu kuna chemchemi, na juu yake kuna kilima cha ukoo chenye miti ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Hakuna, mpaka Mjomba Drolsing alipozeeka na kupata marafiki wapya.

Mjomba ni kaka mkubwa wa marehemu mama. Jumapili ile aliwaita wanaume wa ukoo, wakakutana nyumbani kwangu, kwa kuwa mimi ndiye binti kitinda mimba, na kwetu nyumba ya mama huachiwa yeye aitunze. Kutunza, si kuamua. Ya ardhi huamua wajomba, mwanamke apike wali na kuandaa tambuu. Basi nikapika, huku masikio yangu yako sebuleni.

"Jamaa wa machimbo anakitaka kilima," Mjomba alisema. "Yale ni mawe ya chokaa, tena safi. Atapasua kwa baruti upande wa juu tu."

"Na chemchemi?" Sauti yangu ilifika kabla yangu.

"Ridalin, rudi jikoni."

"Nimeuliza, na chemchemi?"

"Atatuletea bomba."

"Bomba! Lile waliloahidiwa watu wa kule kanisani limetoa nini mpaka leo? Limetoa buibui!"

Wawili watatu walicheka. Kaka yangu Teibor akanikunjia uso. "Dada, punguza basi. Mkubwa anaongea."

"Wewe nyamaza. Maji ya kuoga unachotewa na mkeo huko kwao unakoishi, yakikauka huku utajuaje?"

Mjomba alipiga mkeka kwa kiganja. "Nyumba ni yako, sijaigusa. Kilima ni cha ukoo, na ukoo ndio sisi tuliokaa hapa. Una mdomo kama wa mama yako, wewe mtoto."

"Afadhali nimeurithi huo kabla hujauuza."

Nilijua wakiamua wameamua. Kesho baruti, mwakani mimi na ndoo zangu mbele ya yule dereva.

"Haya, uzeni," nikasema. "Lakini mlango wa mifupa ninaufungua mimi."

Hapo hata kutafuna tambuu kulikoma. Kwetu maiti huchomwa, na mifupa inayobaki hufungwa kitambaa cheupe, ikawekwa katika chumba cha mawe cha ukoo pamoja na mama, bibi, na mama wa bibi. Mwanamume anaweza kulala kwa mkewe maisha yake yote, lakini akifa hurudi kwa mama yake. Na jiwe la mlango ule husogezwa na kitinda mimba, basi.

"Atakayeuza kilima," nikaendelea, "mkewe amtafutie pa kumlaza."

"Hilo halisemwi!" mzee mmoja alimaka.

"Nimelisema."

Mjomba aliweka tambuu yake chini. "Kwa mke wangu mimi ni mgeni."

"Umekaa kule tangu sijazaliwa. Umezaa watoto saba!"

"Watoto ni wa ukoo wa mama yao. Mimi ni mgeni," alirudia, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

Wenzake waliangalia mkeka, kila mmoja akiiwaza nyumba ya mkewe. Hakuna aliyesema tuuze, hakuna aliyesema tusiuze. Mmoja alikumbuka ng'ombe wake, mwingine akaumwa mgongo ghafla. Teibor aliondoka na wali wake haujaisha, yeye ambaye huwa haachi punje. Akabaki Mjomba.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Ridalin."

"Na wewe ulitaka kunipangisha foleni ya lori. Mimi, kwenye nyumba ya dada yako!"

Alisimama kwa shida, akaufuata mlango. Sikumsaidia. Nilimpenda mzee yule tangu utotoni, ndiyo maana nilitamani kumrushia sufuria.

"Nitamwambia yule bwana hapana," alisema akiwa ameshika mwimo. Akangoja asante. Hakuipata. "Sasa siku yangu ikifika, utafungua?"

"Nitafungua."

Alishusha pumzi.

"Nitakulaza ubavuni kwa mama," nikamwambia, "na kabla sijarudisha jiwe nitamsimulia yote, kilima, bomba na baruti. Amalizie yeye kukugombeza, maana mimi sijamaliza."

Mjomba aliujua mdomo wa dada yake. Akateremka ngazi bila kuaga.