Abiria wa Safu ya Nne

Umma unatangaziwa kwa heshima, taadhima na unyenyekevu usio na kifani kwamba rola kosta ya bustani ya michezo, fahari ya mji na kilele cha furaha ya familia, itafunguliwa tena Jumamosi saa tatu asubuhi, baada ya kukaguliwa na wataalamu wasiolala.

Mtaalamu alikuwa mmoja, na Jumatano saa nne asubuhi alikuwa amelala. Alijiegemeza kwenye ngazi za kituo cha kupandia, kofia ngumu machoni, akisubiri treni hiyo ya kupanda na kushuka kwa kasi ipakiwe mifuko ya mchanga.

Tangazo lenyewe lilikuwa kwenye ubao langoni, kwa rangi ya buluu, kila g ikiwa na mkia uliopinda kama ndoano. Mstari wa mwisho ulisema: Ajali ya mwezi uliopita ilisababishwa na abiria aliyesimama treni ikiwa mwendoni.

Aliyepakia ni fundi mitambo, ambaye watu wote humwita Breki, mkewe akiwemo. Kila kiti kilipata mfuko mmoja wa kilo sabini, yote imeshonwa kwa kipimo kimoja. Ndivyo mtambo huo ulivyojaribiwa miaka yote. Mifuko haina mnene wala mwembamba, na haijawahi kulalamika. Viti viko viwili viwili, na kila viwili vina chuma kimoja cha kubana mapaja. Chuma kikishuka hulia ta, ta, ta. Mara tatu, kimekaza.

Mkaguzi aliamka, akagonga bolti kwa nyundo, akaridhika. Treni ilipanda, ikashuka, ikapita kona tatu, ikarudi. Mfuko wa safu ya nne, kushoto, ulikuwa umekaa kwenye benchi la kituo. Kitini pake alikuwepo mwalimu wa hesabu aliyezikwa mwezi uliopita, mkoba mapajani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Breki.

"Marahaba. Chuma chenu bado kina kutu."

Mkaguzi aliandika kwenye fomu: Abiria, mmoja. Akafikiri, akaongeza: marehemu. Meneja alipoitwa alitaka kujua kama mwalimu ana tiketi. Mwalimu akatoa mkobani ile ya siku ya ajali, imechanwa nusu. Meneja aliisoma tarehe, akasema imekwisha muda, ila kwa mteja wa zamani angefumba macho.

Mwalimu hakutaka makubwa. Alitaka mstari ule wa mwisho ufutwe. Kwa miaka thelathini aliwaambia watoto wa watu wakae chini, na sasa mji mzima ulimjua kama mtu aliyesimama. Binti yake akienda dukani, vijana humpisha na kumwambia karibu usimame, mama yako alipenda kusimama. Mwalimu akaomba wamwite shemeji yake, aliyekaa kando yake kwenye treni siku ile, wajaribu kwa watu badala ya mchanga.

Wakimsubiri, aliwasimulia mambo ya shule ya bweni. Siku moja mtu alibandika tangazo rasmi, lenye mhuri uliochongwa kwa kiazi, kwamba mtihani wa hesabu umeahirishwa kwa kuwa namba saba imepotea. Nusu ya darasa walirudi kulala. Alimtafuta mwandishi wake kwa mwandiko, asimpate. Jambo hilo halihusiani na habari hii.

Shemeji alifika akihema. Ni mtu mkubwa, jina lake la mtaani Tani.

"Shemeji, kumbe huko hawakulishi?" alimwuliza mwalimu.

"Wangekuchukua wewe, wangebaki na njaa wao."

Tani alicheka, kisha akalia, kisha akahamishia benchini mfuko uliokuwa kando ya mwalimu, akakaa. Breki akashusha chuma. Kilifika kwenye tumbo la Tani, kikalia ta, ta, kikakoma. Mkaguzi akapima nafasi kati ya chuma na mapaja ya mwalimu: shubiri moja na vidole vinne.

"Siku ile ilikuwa hivihivi," alisema Tani. "Nilimwambia meneja. Akaniambia nipunguze kula."

Breki akabonyeza kitufe. Kwenye kona ya tatu, mwalimu alichomoka kama barua kwenye bahasha iliyochanika, bado ameketi, magoti pamoja, mkoba mapajani. Waliokuwa chini waliona wote. Hakusimama. Alianguka kwenye nyasi, akakung'uta sketi, akarudi kwa miguu.

Mkaguzi alisema kila kiti kinahitaji chuma chake. Meneja alisema jambo hilo litafikiriwa msimu ujao, na kwamba fomu inauliza kitu kimoja tu: je, mifuko yote imerudi salama? Breki alihesabu. Yote ilikuwepo, hata ile miwili ya kwenye benchi. Mkaguzi alishika kalamu muda mrefu, kisha akatia sahihi. Bila kuinua macho alimwomba mwalimu radhi: fomu haina mahali pake. Mwalimu alisema amewaona wanafunzi wengi wakimlaumu aliyetunga swali.

Akaenda langoni kusoma ubao. Aliusoma wote kwa utulivu wa kusahihisha, kidole kikafika kwenye mkia wa g, kikasimama hapo.

"Mkia huu nimeutafuta miaka mitatu," alisema. "Toka nyuma ya ubao."

Nikatoka mimi, mwandika matangazo, ndoo ya rangi mkononi.

"Saba ilikuwa kazi yako."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na hili?"

Nilisema na hili pia. Nilisema siku ya ajali sikuwepo hata bustanini. Meneja aliniletea mstari ule kwenye kikaratasi, nikaunakili, nikaupamba.

"Ulijua sikusimama?"

"Tani alinieleza kabla rangi haijakauka."

Alinyoosha mkono kuelekea kwenye ndoo, akangoja. Nilimwambia rangi ile haifutiki, jambo ambalo ni kweli, ingawa ndoo ilikuwa imejaa na angeweza kuona kwamba mstari mmoja hufunikwa kwa mpako mmoja. Aliitazama ndoo. Kisha akarudi kituoni, akakaa safu ya nne, kushoto, kusubiri Jumamosi.

Jumamosi saa tatu lango lilifunguliwa, na foleni ilifika barabarani. Mwenye kipaza sauti nilikuwa mimi. Nilisoma tangazo lote kwa heshima na taadhima, na nilipofika mstari wa mwisho sikuuruka.