Mjumbe Aliyetoka Kwenye Kopo

Barua ya serikali ilifika kijijini Lerala siku ya Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, MmaMoagi akiwa kwenye kijiko cha kumi na moja. Bakuli la uji wa mtama lilikuwa na vijiko ishirini, na kila kijiko kilikuwa na maneno yake. "Hiki cha shangazi yako wa Palapye, yule mchoyo. Meza upesi kabla hajakidai." Mwanawe, Moagi, alikuwa na miaka ishirini na minne. Hakuona, hakutembea, hakusema, na viungo vyake vilikuwa vimekakamaa tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa mchanga. Masikio yake yalikuwa mazima, na yalimjua mama. Akilishwa na mtu mwingine, meno yalibana na uji ukateremka shingoni.

Aliyeleta barua ni ofisa ustawi wa jamii, Mma Ntshole, ambaye alisubiri mpaka kijiko cha ishirini kwa kuwa alilelewa vizuri. Kisha akaisoma. Ofisi ya Mpango wa Taifa wa Matunzo ilikuwa inabuni msaada kwa watu wenye ulemavu na wanaowatunza, na safari hii haikutaka kubuni bila wenyewe. Kitanda usichokilalia, ilisema barua, hujui kunguni wake. Kwa hiyo MmaMoagi ameteuliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Ubunifu Shirikishi, kwa niaba ya watunzaji wa eneo lote lile. Kikao ni siku tatu, Gaborone. Mjumbe aje peke yake. Anayetunzwa aachiwe mtu.

"Aachiwe nani?" akauliza MmaMoagi.

"Hapo hawakuandika, Mma."

"Wamenichagua kwa sababu siwezi kutoka, halafu wananiambia nitoke."

"Usipokwenda wataandika kwamba watunzaji walialikwa wakakataa. Ripoti ya namna hiyo nimeshaiona. Ilikuwa na jalada zuri sana."

Asiyekuwepo na lake halipo, na MmaMoagi alikuwa na lake, tena moja tu. Alitaka msaidizi, siku mbili kwa juma. Kila siku alimwinua Moagi mara nane, na mwaka ule mgongo ulikuwa umeanza kumgomea. Kuna asubuhi aliamka akatambaa mpaka mlangoni. Aliogopa siku atakayoshindwa kumwinua. Hakuwahi kumwambia mtu hofu hiyo, maana watu huitikia pole na kuendelea na safari zao.

Jumapili mchana alisafisha kopo la maziwa ya unga, akalianika likakauka, akakohoa mara tatu na kuitia sauti yake humo ndani iende kikaoni badala yake, maana Moagi hakuwa na wa kuachiwa. Uzito wake ulikuwa kama wa yai. Akafunika, akatoboa matundu mawili ipate hewa, akamkabidhi jirani yake Gasebalwe, aliyekuwa na safari ya Gaborone kununua nywele za kusukia. Kwenye karatasi ya daftari akamwandikia: *Usilifungue njiani.*

"Nani alifungue?" alisema Gasebalwe. "Miaka yote hii nasubiri unyamaze."

MmaMoagi hakuwa na wasiwasi. Lerala, mtu akiitwa kgotla, kwenye baraza la kijiji, hubeba kiti chake mwenyewe. Husema mpaka amalize na hakatizwi, hata kama anaongea upuuzi, kisha hubeba kiti chake akarudi nacho nyumbani. Alidhani sauti nayo huenda na kurudi hivyohivyo. Kwa siku tatu bila sauti ya mama, Moagi angevumilia maziwa, tone kwa tone, kwa kitambaa.

Jumatano jioni Gasebalwe alirudi na nywele na karatasi. Kopo hakuwa nalo.

Alisimulia yote huku amekaa kwenye ndoo. Hakuna mjumbe aliyekwenda mzima. Kipofu mmoja wa Maun, ambaye hakupata mtu wa kumshika mkono safari nzima, alituma fimbo yake. Ikawekewa kiti na chupa ya maji. Bibi kiziwi wa Kanye alituma mikono yake miwili, na kwa kuwa mkalimani wa lugha ya alama hakuajiriwa, mikono ikapewa kazi ya kugawa karatasi. Sauti ya MmaMoagi ilipofunguliwa ilisema dakika arobaini. Ilieleza habari ya mgongo, habari ya nepi za watu wazima, habari ya kiti cha magurudumu kinachozama mchangani, na msaidizi wa siku mbili. Maofisa walilia. Waliandika kila neno kwenye vikaratasi vya njano, wakavibandika ukutani, wakaupiga picha ukuta.

"Halafu?" aliandika MmaMoagi.

"Halafu likaja jamaa la bohari, likalibandika kopo namba. Nikamwambia, Rra, bwana wangu, hiyo sauti ina mwenyewe. Akanipa hii." Ilikuwa stakabadhi. *Sauti, ya kike, moja. Hali: nzuri.*

Moagi alisubiri. Kila mlo aligeuza sikio upande wa mlango, hata mama akiwa amemshika kichwa. MmaMoagi aligonga kijiko kwenye bakuli, akampapasa shavu, akamvuvia sikioni, lakini meno yalibana. Gasebalwe alijaribu kumwigiza, pamoja na shangazi wa Palapye, akatemewa. Baada ya majuma matatu mizani ya zahanati ilionyesha kilo tano zimepungua. Wapo waliosema kijana ana kiburi, kwa maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mma Ntshole aliwatafutia nafasi kwenye gari la zahanati. Wakafika Gaborone saa nne, MmaMoagi na Moagi na chombo cha uji. Ofisi ya Mpango ilikuwa ghorofa ya pili, na lifti ilikuwa inasubiri kipuri. Mlinzi aliwaambia Kamati ya Ubunifu Shirikishi, ile ya watunzaji, iko kikaoni, na watunzaji hawaruhusiwi kuisumbua.

Basi wakakaa chini, kwenye kivuli cha ukuta. Dirisha la juu lilikuwa wazi. Na hapo sauti ikasikika.

"Tunashukuru wadau wetu," ilisema. "Twende ajenda ya tatu, yatokanayo."

Moagi akageuza uso juu. Akafungua mdomo.

MmaMoagi alifungua chombo akaanza kumlisha. Uji ulikuwa umepoa, hakujali. Moagi alimeza yatokanayo yote. Alimeza taarifa ya mratibu. Sauti ilikuwa imejifunza maneno mapya, ikawa inasema "kimsingi" na "kwa muktadha huo". Ilipofika kwenye msaidizi wa siku mbili kwa juma ilisema ni pendekezo zuri na ikashauri lipelekwe awamu ya tano. Moagi akameza na hilo. MmaMoagi alitaka kumziba masikio, lakini chombo kilikuwa bado nusu.

Mratibu wa Mpango, Rra Phirinyane, aliteremka kwenda kula, akawakuta.

"Mma, hongera sana. Katika wajumbe wote, sauti yako ndiyo bora. Haidai kitanda, haidai njia ya kiti cha magurudumu, haina mtu wa kuachwa nyumbani."

*Naitaka,* aliandika MmaMoagi. *Mwanangu hali.*

"Mbona anakula, namwona."

*Anakula kwa sababu anaisikia.*

"Basi ushirikishwaji unafanya kazi," alisema Rra Phirinyane, akamwambia karani aliyekuwa nyuma yake aliandike hilo.

*Nipe nirudi nayo.*

"Aa, Mma. Ina namba, ni mali ya serikali. Ikichakaa itapigwa mnada, utakuja kushindania bei kama raia mwingine, hakuna upendeleo. Na tukimwondoa mjumbe wa watunzaji, watasemewa na nani?"

*Na mimi.*

"Kanuni zinamtaka mjumbe aweze kuzungumza," alisema, na kwa kweli alionekana kusikitika.

MmaMoagi alikasirika mpaka penseli ikatoboa karatasi. Aliandika tusi, moja, la Kitswana, lile ambalo mamaye alikuwa akilitoa kwa mbuzi walioingia shambani. Rra Phirinyane alilisoma, akalikunja, akampa karani alihifadhi kwenye jalada la maoni ya wananchi.

Mpango ulizinduliwa Septemba, kwenye hoteli, na nyama ya kupondwa, ile ya sherehe, ilikuwa nyingi. Kitabu chake kilisema umebuniwa na wenyewe, kikaonyesha ule ukuta wa njano. Ili wananchi wauelewe, sauti ya mjumbe wa watunzaji ikateuliwa kusoma vifungu redioni asubuhi, mchana na jioni, kwa mwaka mzima.

Gasebalwe aliileta redio yake bila kuombwa, akaiweka juu ya sanduku la nguo karibu na kitanda. "Mimi si wa habari," alisema. "Zinanipandisha presha."

Moagi akaanza kunenepa. Alikula kifungu cha kwanza, cha tafsiri ya maneno, kwa vijiko vitatu. Kifungu cha nne, kuhusu fomu na nakala zake, alikila chote. Zahanati ilipima ikaandika kwamba anaendelea vizuri, na nakala ikapelekwa Gaborone kama ushahidi wa mafanikio. MmaMoagi aliendelea kumwinua mara nane kwa siku. Tangu Oktoba alikuwa akipumzika katikati, akiwa amepiga magoti, paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, mpaka maumivu yapite.

Kifungu alichokipenda Moagi kuliko vyote kilikuwa cha tisa, kwa kuwa kilikuwa kirefu na sauti ilikisoma polepole, kwa upole, kama mtu anayemsemesha mtoto. Kilisema kwamba mama mzazi, kwa kuwa hutunza kwa upendo, hahesabiwi kuwa mtunzaji, na kwa hiyo hatapewa msaidizi. Kilipoanza, Moagi alitabasamu na kufungua mdomo, na MmaMoagi akamlisha.