Mikono ya Nyaruot

Jumamosi alasiri Goretti alikuwa akifuta vumbi kwenye piano ya ukumbi wa kanisa, mtaa wa Hai Jalaba mjini Juba, Swaka mlinzi alipochungulia dirishani.

"Mwalimu, mwanafunzi yako amekuja," alisema. "Lakini imekuja mikono tu."

"Ifungulie mlango."

"Nimefungua. Iko nanawa pale bombani."

Goretti aliketi. Vita vilikuwa vimeingia Juba kabla ya Krismasi, bendera za uhuru wa Sudan Kusini hata hazijapauka, na tangu siku hiyo hakuwa amepata habari za Nyaruot, mwanafunzi wake. Alikwenda mtaa wa Munuki akakuta nyumba ya Nyaruot imechomwa. Majirani aliowauliza walitazama chini.

Goretti alikulia Uganda, ukimbizini, na sasa alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya ufundishaji wa piano katika chuo kimoja cha Kampala. Utafiti wake ulihusu watu wazima wanaoanza kujifunza wakiwa wamechelewa. Nyaruot alikuwa amechelewa haswa. Alikuwa mama wa makamo, mkaanga mandazi wa soko la Malakia, na mwaka wa uhuru alikuja kusema anataka kupiga nyimbo za ibada kabla hajazeeka. Kiswahili alikiokota kambini Kakuma, na ndicho walichotumia kuelewana.

Mikono iliingia, ikapanda kitini, ikatulia juu ya vibao vya piano. Iliishia kwenye vifundo vya viganja, bila jeraha lolote. Kovu la mafuta ya moto lilikuwa mahali pake, karibu na kidole gumba cha kushoto. Goretti aliishika. Ilikuwa na joto.

"Yuko hai," alisema. Akalia kidogo, akapenga kamasi, kisha akafungua kitabu cha mazoezi. Kidole cha nne kilikuwa kivivu vilevile.

Somo lilipokwisha aliifuata mikono kwa macho mpaka ilipokata kona ya kwenda Jebel, ilikokuwa kambi ya Umoja wa Mataifa waliyokimbilia raia. Jumatatu naye akaenda huko. Nyaruot alikuwa mbele ya hema, akimsuka jirani yake, Nyachan.

"Mwalimu! Nilijua tu utakuja."

"Mikono yako ilifika salama."

"Najua. Ilirudi inanukia sabuni ya kanisa."

"Na pale kwenye kizuizi cha askari?"

"Mimi nikipita wataniuliza jina, na wakisikia jina wamejua kabila," Nyaruot alisema, akivuta uzi. "Mikono haina jina. Wanaiangalia tu ikipita."

"Na wewe unabaki vipi bila mikono?"

"Nyachan ananishikia kikombe cha uji. Shida ni mbu."

Goretti alicheka mpaka akatafuta jerikeni la kukalia. Alikuwa hajacheka tangu Krismasi, na kicheko kilimtoka chote kwa pamoja. Nyachan naye akacheka, huku nusu ya kichwa chake haijasukwa.

Ndege zilipoanza kutua vizuri, msimamizi wa utafiti wa Goretti, Daktari Josline, alikuja kutoka Kampala kukagua somo. Alikaa nyuma ya ukumbi, akakunja nne, akaitazama mikono ikipasha vidole moto.

"Mabega ya mwanafunzi yamelegea?" aliuliza.

"Siwezi kujua, Daktari. Yako kambini."

"Na pedali nani anakanyaga?"

"Namkanyagia mimi."

"Kanuni inataka mwanafunzi awepo."

Goretti aliweka mguu kwenye pedali. Mikono ilianza wimbo. Katikati ilikosea, ikasita, ikarudi nyuma mstari mmoja kama alivyofundishwa Nyaruot, ikaupiga upya bila haraka. Daktari alisikiliza hadi mwisho.

"Huyu yupo," alisema. "Kidole cha nne kinahitaji kazi."

Goretti alifaulu. Habari zilipofika, alikimbilia kambini, na Nyaruot akapiga kigelegele kilichowatoa watu mahemani. Kisha akamshika Goretti mkono.

"Sasa umemaliza kusoma. Utaniacha?"

"Nikuache niende wapi?"

"Basi Nyachan naye anataka kuanza."

Nyachan aliinamisha uso, akaficha vidole kwapani.

"Na uji atawashikia nani?" Goretti aliuliza.

"Tutakunywa baadaye," Nyaruot alisema. "Ukishapoa."

Jumamosi iliyofuata mikono minne ilishuka barabara ya Jebel, ile mipya ikijikwaa kwenye changarawe. Kizuizini askari walikuwa wameteremsha abiria wa basi zima na kuwauliza majina. Mmoja wao aliinua kamba bila kugeuka, mikono ikapita chini yake. Ukumbini Goretti alikwisha kuvuta kiti cha pili, na aliposikia mlango ukifunguliwa alishusha pumzi.

Kambini, Nyaruot na Nyachan walikaa bega kwa bega mbele ya hema, ncha za mikono ya magauni yao zikiwa tupu, wakifukuza mbu kwa kupuliza.