Vizibo vya Rangi ya Chungwa

Hivi wewe, ukiambiwa uzibe masikio ndipo uende kusikiliza muziki, utakubali? Babu yake Radhia hakukubali.

Mume wangu, Mselemu, alikamua alizeti kwenye mashine pale Mkiwa mpaka nguvu zikamwishia, na kelele za mashine zikaondoka na usikivu wa sikio lake la kushoto. La kulia bado linasikia, ila daktari alimwonya kwamba kelele kubwa zitalimaliza nalo. Basi mjukuu wetu Radhia alipokuja kutuambia kwamba siku ya Idi Pili yeye ataimba jukwaani kwa mara yake ya kwanza, mzee akavuta kofia ikafunika uso, akasema, "Ngoma ni za wasio na kazi." Ndivyo anavyosema siku zote. Hata kwenye harusi yetu, wanawake tulicheza uani mpaka kanga zikatudondoka, yeye yuko nje mkekani na wanaume wenzake.

Radhia hakununa. Alikaa karibu naye, akafungua kikopo. "Mume wangu, tazama nilichokuletea."

Vilikuwa vizibo vya sponji, laini, vya rangi ya chungwa, vidogo kama ncha ya kidole cha mwisho.

Mzee akaruka. "Masikioni anatiwa pamba maiti! Mke wangu, unataka kunizika ningali hai?"

"Maiti gani anazikwa na rangi ya chungwa?" nikamwuliza.

"Wewe Mwantum nyamaza, unamwonea wivu mke mwenzio."

Nikachukua vyangu kwanza. Radhia akanionyesha: unakisokota kwa vidole mpaka kinakuwa chembamba kama utambi, mkono mwingine unaupitisha nyuma ya kichwa, unavuta sikio juu, unakiingiza, unakishikilia hapo. Kinaumuka taratibu kama andazi. Jogoo wetu akawika dirishani, nikamsikia kana kwamba yuko kwa jirani.

"Mke mwenzangu, huyu jogoo amehama lini?"

Radhia akaanguka kwa kicheko. Mzee akatutazama sisi wawili, kisha akanyoosha mkono. "Lete. Lakini nikifa, mtajuana na dada yangu."

Idi Pili, baada ya swala ya alasiri, tukaenda uwanjani, mimi na kanga mpya, yeye na kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inataka kukata mtu. Spika zimepangwa juu kama magunia kwenye lori. Vijana wamejazana mbele yake, wengine wameziegemea kabisa! Sisi Radhia alikuwa ametuagiza tukae nyuma, na tukichoka tutoke tukapumzishe masikio. Tukakaa karibu na muuza juisi ya ukwaju.

Mara wifi yangu Zabibu akatuona. Huyu Zabibu ndiye mwosha maiti wa kike wa mtaa wetu. Akainama kumsalimia kaka yake, akarudi nyuma ameshika mdomo.

"Inna lillahi! Kaka, nani kakuandaa wewe?"

"Mke mdogo," mzee akamjibu. "Kaniandaa kwa ngoma."

Ngoma ikaanza. Ardhi ikatetemeka, besi ikanigonga kifuani, juisi ikacheza kwenye glasi, lakini masikio yangu yametulia tuli. Na Radhia alipoimba, nikamsikia neno kwa neno. Mzee naye midomo ikaanza kumfuata. Likafuata bega. Halafu kidole gumba cha mguu kikawa kinapiga kubazi chini, tap, tap, na kazi yake ya siku zote sijui ameiacha wapi.

Zabibu alikuwa ameziba masikio kwa viganja. "Vimebaki vingine?" akanipigia kelele. Nilikuwa na akiba, nikampa. Mwosha maiti akajitia mwenyewe, akafunga kanga kiunoni, akaingia katikati kukata mauno!

Nikageuka, nikamwona mzee ananitazama. Mdomo unafunguka, unafungika.

"Unasemaje?" nikauliza.

Akasema kitu, sikukipata. Akasema tena, besi ikakimeza. Akavuta pumzi yote ya kifua chake, na hapo hapo wapigaji wakakatisha ghafla wabadilishe mdundo. Uwanja mzima, pamoja na Radhia kule jukwaani na kipaza sauti mkononi, ukamsikia:

"Mwantum! Tangu harusi yetu nilikuwa nataka kucheza na wewe!"