Kifuniko cha Moyo wa Nangila

Dada yangu Nangila alizaliwa na tundu kwenye moyo. Nilizoea kumwambia ndiyo maana siri hazikai ndani yake. Mwaka 2007 madaktari wageni walikuja Kitale, kwenye hospitali ya misheni, na mashine yao. Walipitisha waya kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakaliziba tundu kwa kifuniko kidogo kama kifungo cha koti. Kifua hakikupasuliwa.

"Kesho apigwe picha tuone kama kimekaa," daktari akasema. "Kabla ya hapo asiende nyumbani."

Lakini kesho ilikuwa Jumapili, na kule kwetu Ndalu ibada ya shukrani ilikuwa imeshatangazwa kanisani. Mbuzi alikuwa amechinjwa. Mama akanitazama, maana mimi ndiye niliyemaliza Form Four.

"Picha ya nini?" nikasema. "Kwani anagombea ubunge? Twendeni bana."

Wote wakacheka, hata Nangila. Mama akatia sahihi ya kumtoa hospitali, tukaenda.

Kanisani Nangila alicheza wimbo mmoja tu, akakaa. Jumatatu midomo yake ikawa ya bluu. Nikamrudisha Kitale, Mama akabaki na wageni waliolala kwetu. Picha ikaonyesha kifuniko kimeng'oka, damu imekibeba hadi kwenye mshipa mkubwa unaokwenda mapafuni.

"Tutakitoa kwa njia ileile ya paja," daktari akasema. "Waya huu una kitanzi mbele."

"Kama kutega kwale?"

Nangila alikuwa kwenye machela. "Makokha, si unyamaze! Nikicheka kitaenda mbali zaidi."

Saa nane mchana nesi, Sista Cherono, akatoka kwenye chumba cha mashine. Kitanzi kilikishika kifuniko, kikatoka kizima.

"Lakini moyo ulikuwa umechoka sana, ndugu yangu. Ulisimama. Tuliushtua kwa umeme mara nyingi, ukakataa."

Nikampigia Mama.

"Mama, Nangila amefariki."

Akacheka, kicheko kifupi. "Wee Makokha! Unanitania hata na hiyo?"

"Haki ya Mungu, Mama."

"Hata ile siku ulisema ati ng'ombe imeanguka kwa choo, uliapa. Mpe simu niongee na mtoto wangu."

Nikamnyooshea Sista Cherono simu. Mimi hata ningelia, Mama angesema naigiza.